Ijumaa Ulizomleta Mishi

Kwako Saumu, uliyekuwa mke wa babake Mishi,

Nakusalimu huko Vanga, na natumai barua hii imekukuta na afya. Nilianza kwa kuandika "mpenzi", nikalifuta. Ungelisoma ukacheka, na ungekuwa na haki, maana tumejuana miaka mingi na sikukupenda hata siku moja. Nakwambia haya mwanzoni ili yanayofuata uyaamini.

Athumani aliponiacha, Mishi alikuwa na miaka mitatu, na vita vya Wazungu ndiyo kwanza vimeanza. Nilirudi Kisauni kwa mama yangu, nikashika kazi ya kusuka makuti ya kuezekea nyumba, mtoto akicheza kando yangu juu ya majani mabichi. Tulipatana mbele ya wazee kwamba Mishi akae nami, na kila baada ya wiki mbili aende Likoni kwa babake, alale siku mbili, kisha arudi. Tukawa tunapeana mtoto pale penye feri, upande wa kisiwani, Athumani akitoka kazini bandarini. Mara tano au sita alikuja mwenyewe. Kisha siku moja ukaja wewe.

Unaikumbuka siku hiyo? Ulikuwa na buibui jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Mimi nilikuwa mkubwa kwako, nikangoja unisalimu. Wewe ulichuchumaa kwanza ukamsalimia mtoto, ukamuuliza jina lake na jina la mwanasesere wake, ndipo ukasimama ukaniamkia. Nilikujibu marahaba kwa ncha ya ulimi. Njia nzima ya kurudi Kisauni nilijiambia kuwa wewe ni mwanamke mwenye hesabu, unaanza na mtoto kwa sababu unajua lango ni lipi.

Mishi aliporudi, nywele zake zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Nilimkalisha nikamfumua zote. Alilia, akasema Mama Saumu alimsuka bila kumuumiza. Hapo ndipo nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, Mama Saumu, na kitana nikakivuta kwa nguvu zaidi. Hilo sikupata kumwambia mtu.

Tangu siku hiyo nikaanza kumhoji. Kila akirudi kutoka kwenu nilimweka juu ya kibao cha mbuzi, nami nikakaa chini mbele yake, nikamuuliza mmekula nini, nani alimwogesha, babake alisema nini, wewe ulisema nini, je, mlinitaja. Mwanzoni alinijibu kama mtoto, maneno yasiyo na mbele wala nyuma, habari za paka wa jirani na za wanajeshi waliopita barabarani. Nikawa simwachi mpaka aseme kitu. Basi akajifunza. Mtoto hana ujinga, Saumu. Akaona kwamba akisema jambo jema kuhusu Likoni uso wangu unakunjamana, na akisema baya nampakata. Siku moja akaniambia ulimfinya. Nikamvua nguo nikamtazama mwili mzima mwangani, sikuona alama yoyote. Lakini ukweli wangu ni huu: nilifurahi. Mama mzima nilifurahi kusikia kwamba mwanangu amefinywa.

Halafu ikaja ile hirizi. Alirudi nayo shingoni, imeshonwa kwa ngozi nyeusi, baada ya ile homa iliyompata akiwa kwenu. Niliipasua kwa kisu cha makuti. Ndani mlikuwa na karatasi, na kwa kuwa nilisoma Kurani chuoni niliweza kuisoma: Ayatul Kursiyyu, na chini yake jina la Mishi, binti ya nani, binti yangu mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuona jina lako mahali pa langu. Nilipoliona langu ndipo nilipoogopa hasa. Nikasema, wameniandika ili wanifunge. Nikampelekea mwalimu wa chuo chetu. Akaniambia kwamba jina la mtoto huandikwa kwa jina la mamake, kwamba aliyeiandikisha angeweza kutia jina jingine lakini ametia la haki, na kwamba hiyo ni kinga ya homa, basi. Nilimshukuru nikatoka, na nje nikakumbuka kwamba mkewe ni mtu wa Likoni. Nikaitupa karatasi ile baharini.

Utasema nilikuwa na wazimu. Huenda. Lakini nawe hebu tazama jinsi mambo yalivyokuwa yakinijia. Mwaka huohuo alikuja mwanamume mmoja wa Mtongwe aliyefiwa na mkewe, mtu mzima mwenye adabu, pamoja na dadake, kuniposa. Mama yangu alimpenda. Dadake yule mwanamume akateleza katika mazungumzo, akasema habari zangu walizipata kwa shangazi yako. Wewe na mimi twajua sheria: mama aliyeachwa akiolewa na mtu baki, haki yake ya kukaa na mtoto inaondoka. Nikawaambia sitaki mume, nikawatoa kabla hawajamaliza kahawa. Mama yangu alininunia kwa siku nyingi. Sijui mpaka leo kama ulikuwa na mkono wako katika jambo hilo. Huenda ulinitakia heri, huenda ulimtaka mtoto. Yule bwana alioa kwingine, na naambiwa mkewe anatunzwa vizuri.

Siku unayoikumbuka zaidi, nadhani, ni ile uliyokuja Kisauni peke yako. Mishi alikuwa amekaribia miaka saba. Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye rundo la makuti, nikasikia hodi. Ulikuwa umevuka feri, ukapita mjini, ukavuka na daraja la Nyali, na umebeba mkate wa mofa uliofungwa kwa kitambaa. Nilikukaribisha kwa sababu nilizaliwa na watu, lakini mkate nilipoupokea niliuweka mbali nami. Ukakaa, ukanywa maji, ukasema ulichokuja kusema bila kuzunguka.

"Dada, mtoto anaumwa tumbo kila akivuka. Huku unamuuliza wewe, kule anamuuliza babake. Mimi nimeacha kumuuliza. Nakuomba na wewe uache."

Nikakuuliza nani amekutuma. Ukasema hakuna, na kwamba Athumani hajui kama umekuja. Hilo nalo nililiona baya, mke anayetoka bila mumewe kujua. Nikakwambia kuwa mwanangu namjua mimi niliyemzaa, na tumbo lake linauma kwa sababu ya chakula cha kwenu. Ukaomba ruhusa, ukaenda zako. Ulipopotea minazini nikauchukua mkate wako nikawamegea kuku, nikakaa kuwatazama mpaka adhana ya alasiri. Hawakufa. Jioni mama yangu akaniuliza mbona kuku wameshiba hivyo, nikasema sijui.

Na sikuacha kumuuliza.

Miezi michache baadaye Athumani alinipeleka kwa Kadhi. Alisema mtoto ameshafika umri wa kupambanua na anamtaka. Kadhi alikuwa mzee mpole. Alimwita Mishi karibu, akamuuliza anataka kukaa kwa nani, kwa babake au kwa mamake. Mishi alinitazama, kisha akamtazama babake, kisha akatazama miguu yake. Kadhi akamwambia asiogope, aseme tu.

"Nataka kukaa kwa asiyeniuliza," mwanangu akasema.

Kadhi akamuuliza ni nani huyo asiyemuuliza. Akasema ni Mama Saumu.

Ulikuwa umekaa nyuma na wanawake wengine. Niligeuka nikakutazama, na nilikuona umefunika uso kwa buibui. Nikaamini unacheka. Nikaamini maneno yale umemfundisha wewe, neno kwa neno, pengine kwa mwezi mzima. Hata leo, Saumu, ninapoandika, kuna kisauti ndani yangu kinachosema mtoto wa miaka saba hawezi kuyapata maneno kama yale peke yake. Nakisikiliza, kisha nakumbuka alikuwa anakaa juu ya kile kibao akiulizwa tangu miaka minne, na kwamba mtu aliyeulizwa hivyo anaweza kuyapata.

Mishi akaenda Likoni. Kadhi alisema mama asizuiwe kumwona, ila hakutaja siku. Wiki tatu sikumwona. Kisha Ijumaa moja asubuhi ukaja naye mpaka mlangoni. Ukasema utamfuata baada ya alasiri, ukaondoka. Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo. Ikawa desturi. Nikadhani Athumani ameona haya kwa watu ndiyo maana ameruhusu. Sikukuuliza. Sikukwambia hata ahsante. Nilimpikia Mishi samaki wa kupaka, nikamwogesha, tukalala kidogo mchana kwenye mkeka, na kwa kuwa siku ilikuwa moja tu katika wiki sikuwa na nafasi ya kumhoji sana. Ajabu ni kwamba alinenepa. Alianza kucheka tena, na lile tumbo sikulisikia.

Mwanamke mwenye akili angeridhika. Mimi nilianza kuwaza: Saumu anakwenda wapi tangu asubuhi mpaka alasiri? Kwenda Likoni na kurudi ni mbali, kwa hiyo harudi kwake. Kisauni hana ndugu. Nikamuuliza jirani yangu, akasema amekuona siku moja ukielekea upande wa darajani. Nikalifuga wazo hilo ndani kama mtu anayefuga mnyama, nikalilisha kila Ijumaa. Mwishowe nilikuwa na yakini kwamba una mwanamume huku kwetu, na kwamba mwanangu ndiye kisingizio chako cha kutokea nyumbani. Nilikasirika, na katika hasira hiyo kulikuwa na utamu. Nikasema, sasa nimekupata.

Sasa nafika pale ambapo kalamu imesimama siku nyingi.

Shangazi yake Athumani alipofariki nilikwenda matangani Timbwani, huko huko Likoni, kwa kuwa marehemu alinitendea wema nilipokuwa mke wa nyumba ile. Wewe ulikuwa jikoni na wanawake. Nilimkuta Athumani kwenye uchochoro wa nyuma, akichota maji ya kutawadha. Nikamwambia neno moja tu.

"Muulize mkeo Ijumaa anakwenda wapi."

Nami nikarudi kukaa na wafiwa, nikala wali wa matangani uliopakuliwa kwa mkono wako.

Siku ya nne alikuja Kisauni na Mishi na kifurushi cha nguo zake. Alisimama nje, hakutaka kuketi. Alisema amekuacha. Alisema ulikuwa ukimfanyia siri, kwamba alikukataza tangu siku ile ya Kadhi usimlete mtoto kwangu, ili azoee kunisahau, na wewe kila Ijumaa ukingoja aende kazini ukamleta. Alisema yeye ni mwanamume, hana wa kumtazama mtoto wa kike, nikae naye. Alipokuwa akisema haya nilikuwa na kuti mkononi, na nakumbuka niliendelea kulisuka, vidole vikienda vyenyewe, mpaka alipogeuka akaondoka.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutoa nyumbani kwako. Si maneno ya watu, si majirani wa Likoni, si Mishi. Ni mimi, kwa sentensi moja.

Nimekaa na jambo hili miaka miwili. Ningalikaa nalo mpaka kaburini, maana mimi ni mwoga kuliko ninavyoonekana. Lakini Mishi sasa ana miaka kumi na mmoja, na mwezi uliopita tulikuwa tukianika mihogo, akaniuliza bila kuinua kichwa kama talaka huweza kutokea kwa sababu ya mtoto. Nikamwambia aseme anachotaka kusema. Akaniambia kwamba asubuhi ya siku uliyoachwa babake alimwita, akaitika abee, akamuuliza Ijumaa huwa mnakwenda wapi, naye akaogopa, akasema kweli. Akaniambia kwamba wewe uliondoka bila kumuaga kwa kuwa ulimkasirikia. Miaka miwili mwanangu amelala kando yangu akiamini hivyo, na mimi niliyekuwa nikimhoji habari za kila tonge sikulijua hilo, kwa sababu tangu aliporudi kwangu nilikuwa nimeapa sitamuuliza tena kitu. Nilifikiri kutouliza ndiyo malezi. Kumbe kuna mahali ambapo mama anatakiwa aseme yeye.

Nikamwambia. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe hapa, hata habari za mwanamume niliyekuzulia. Alisikiliza huku akigeuza mihogo. Nilipomaliza akaniambia kwamba ulikuwa ukikaa penye daraja, kivulini, ukishona kofia mpaka alasiri, kwa sababu ukirudi Likoni peke yako majirani wangeuliza mtoto yuko wapi. Alisema ulikuwa ukija kumchukua uzi ungali kwenye meno. Kisha akaingia ndani. Kwa siku tano alinijibu ndiyo na la, adabu yake yote iko pale pale, lakini alikuwa mbali nami kuliko alipokuwa Likoni. Mama yangu akasema nimefanya kosa kumwambia mtoto aibu ya wazazi wake. Labda. Siku ya sita alikuja nilipokuwa nimekaa, akachukua kuti lake akaanza kusuka, akasema, "Nataka kumwona Mama Saumu."

Sijalala vizuri tangu hapo. Nikwambie uongo kwamba moyo wangu umesafika? Haujasafika. Nawaza kwamba Mishi akifika kwako hatataka kurudi. Nawaza kwamba una haki ya kunilipiza, na njia ya kunilipiza unayo mkononi, ni kumweleza tu jinsi nilivyo. Nawaza kwamba pengine umeolewa tena huko na una watoto wako, na utampokea mwanangu kwa uso wa mgeni, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Nikilitazama sana nashangaa: mimi niliyetaka usimpende naogopa sasa kwamba huenda humpendi.

Watu huniuliza imekuwaje Mishi ametoka hivi, hana makelele, anasoma Kurani vizuri, anawasaidia wazee kushuka ngazi za feri bila kuambiwa. Wanasema mtoto wa walioachana kwa kawaida huharibika. Wananisifu mimi. Nami huwa nanyamaza, wananiona nina unyenyekevu. Ukweli ni kwamba alikuwa na watu watatu wakubwa, wawili wakivutana, na mmoja aliyemwachia apumue. Yeye hakumzaa, wala hakuna sheria iliyompa haki yoyote juu yake. Alipoachwa hakuna hata mtu aliyefikiri kwamba mtoto na yeye wameachana pia. Mimi niliweza kwenda kwa Kadhi. Wewe ungekwenda kudai nini?

Sikuombi unisamehe kwa barua. Neno kama hilo halisemwi na mtu aliyejificha nyuma ya karatasi. Namwachia hii dereva wa gari la Vanga, na akirudi na jibu lako kwamba tusije, nitamwambia Mishi kweli, sitamwambia kwamba barua imepotea. Akirudi na jibu kwamba tuje, au akirudi bila jibu lolote, basi wiki ya pili baada ya Idi, inshallah, tutakuja. Sitamtuma na mtu. Nitakuja naye mwenyewe, na sisemi hivyo kwa wema, ni kwa sababu bado siwezi kumwachia mtu mwanangu njia nzima, na wewe unanijua.

Tukifika, nipe mahali pa kukaa barazani, panatosha. Nyinyi wawili ingieni ndani mzungumze mnayotaka, hata kama ni juu yangu, hata kama ni mpaka jua lichwe. Ukipenda funga mlango. Sitagonga.

Ni mimi,
mamake Mishi, wa Kisauni